Brembo: Kutoka karakana ndogo hadi mashindano ya magari

Kampuni ya breki ya Brembo ilianzishwa mwaka 1961 karibu na mji wa Bergamo, Italia, ikiwa karakana ndogo. Historia ya kampuni hiyo inaeleza kuwa lori lililobeba diski za breki za Alfa Romeo kutoka Uingereza lilipata ajali, na karakana hiyo ikapewa kazi ya kuzirekebisha. Mwaka 1964 Brembo ilianza kutengeneza diski zake, badala ya Italia kutegemea za kuagiza.

Mwaka 1975 Enzo Ferrari aliichagua kuyapatia breki magari yake ya Formula 1. Tofauti na wadhamini wanaobandika nembo tu, Brembo hupeleka bidhaa yenyewe uwanjani. Mwaka 2024 ilidhamini pia mashindano ya pikipiki ya Italia, huko Mugello.

Kwa wauzaji wa vipuri sifa hiyo huleta wateja, lakini pia huvutia bidhaa bandia. Isitoshe, breki ya mashindano si breki ya lori. Kabla ya kulipa, mnunuzi alinganishe namba ya kipuri na aina ya gari, akague boksi na kudai risiti. Breki mbovu hugundulika mteremkoni, gari likiwa na mzigo.