Kusimamisha Sala Si Kuisitisha

Katika Kurani Tukufu amri ya sala hutajwa mara nyingi kwa kitenzi cha Kiarabu "aqimu", chenye asili moja na kusimama. Kitenzi hicho hakimtaki Mwislamu asali tu, bali aitimize sala kwa ukamilifu wake: kwa wakati wake, kwa udhu, kwa rukuu na sijida zenye utulivu, na kwa moyo uliohudhuria. Kukipatia neno moja la Kiswahili ni kazi ngumu, na wajuzi wenyewe hawakuafikiana.

Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, mzaliwa wa Unguja, ambaye tafsiri yake kamili ilitolewa Nairobi mwaka 1969, alichagua "simamisheni". Mzanzibari mwenzake, Ali Muhsin al-Barwani, katika tafsiri yake ya mwaka 1995, alichagua "shikeni". Msomaji wa Visiwani aliyepitia chuoni tangu utotoni hapotezwi na lolote kati ya maneno hayo, kwani maana aliipata kwa mwalimu kabla ya kuiona kitabuni.

Huku Shinyanga na Geita mambo ni mengine. Machimbo ya dhahabu yamekusanya watu wa makabila mengi, na kwa wengi wao Kiswahili ni lugha ya pili, baada ya Kisukuma au lugha nyingine ya nyumbani. Masikioni mwao kusimamisha ni kukomesha. Dereva husimamisha lori. Mtumishi mwenye tuhuma husimamishwa kazi. Duara likitishia kuporomoka, uchimbaji husimamishwa. Je, mchimbaji aliyesilimu juzi akiambiwa "simamisheni sala", tena bila maelezo, ataelewa nini? Amri iliyokusudiwa kumfikisha msikitini yaweza kumrudisha nyuma akiwa njiani.

Wapo wasemao neno hilo lifutwe. Wapo wawajibuo kwamba linafuata asili ya Kiarabu, na kwamba kuliondoa ni kuichezea Kurani. Sisi tunaona pande zote mbili zimepita mpaka. Tafsiri ni maelezo ya mwanadamu, wala si Kurani yenyewe. Kulibadili neno lake si kuugusa wahyi. Lakini hata "shikeni" lina upungufu: linaonyesha kudumu na jambo, halionyeshi kulisimika likanyooka. Na "kukimu", ambalo ndilo lenye asili ile ile, limekwisha kuzoeleka kwa ikama na kwa kuwapatia watu mahitaji yao.

Kwa hiyo dawa haipo katika kufuta neno. Ipo katika darsa. Imamu asomaye aya kwa Kiarabu na kuitafsiri hana budi kuongeza sentensi moja: kusimamisha hapa ni kuiinua sala, si kuisitisha. Sentensi hiyo haigharimu kitu, nayo huzima ugomvi wa mwaka mzima.

Kwa maofisa wa serikali tunalo neno moja. Ibara ya 19 ya Katiba imeweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Waumini wakipelekeana mashtaka juu ya tafsiri, kazi ya ofisa ni kulinda amani, si kuchagua tafsiri. Nalo Baraza la Kiswahili laweza kusanifu tahajia na istilahi. Maana ya ibada libaki kwa masheikh. Nao masheikh wasisahau kwamba msikilizaji wao wa leo ametoka shimoni, si chuoni.