Ndiga, Kiazi cha Mwituni

Watoto wakirudi kutoka kuokota kuni na kiazi wasichokijua, yafaa mama atazame kwanza kabla ya kutia chungu motoni. Huenda ni ndiga.

Ndiga ni jamaa ya viazi vikuu. Hupenda ukingo wa msitu na vichaka, kama vile vilivyo chini ya milima ya Udzungwa, mahali penye mwanga na mti wa kuegemea. Maji yakituama, huoza. Basi usiitafute katika mbuga za Kilombero zinazofurika. Wakati wa kiangazi shina hunyauka, kiazi kikalala udongoni. Mvua za kwanza zikinyesha, huchipua na kupanda juu likijisokota, lina miiba.

Itambueni kwa jani. Jani la kiazi kikuu tulimacho ni moja, mfano wa moyo; la ndiga lina vipande vitatu juu ya kikonyo kimoja. Waalimu wawaonyeshe watoto jani lenyewe, maana picha haitoshi.

Ndani yake mna sumu iletayo degedege na kupooza, wala kuchemsha mara moja kama muhogo hakuiondoi. Wazee wakati wa njaa waliimenya, wakaikata vipande vyembamba, wakailoweka siku kadhaa katika maji ya mto, wakaianika, ndipo wakaitwanga unga. Ujuzi huo binti aliupata kando ya mama yake. Asiyefundishwa hivyo asijaribu kwa kusoma gazeti, hata gazeti hili.

Ajabu ni kwamba huko Nigeria na Kameruni watu hulima ndiga isiyo na sumu. Walakini nayo ina ukaidi wake: ikikaa siku chache baada ya kuchimbwa hugeuka ngumu, hata ukiipika kutwa hailainiki.

Katika vichaka hivyo hivyo hupanda ua zuri sana, jekundu na manjano, petali zimepinda kwenda juu, na ncha za majani hujikunja na kushika matawi. Mzizi wake ni mfano wa vidole. Huo haulowekwi wala haupikwi: huua.

Mtoto akitapika baada ya kula mzizi wa porini, msingoje asubuhi. Mpelekeni hospitali mara moja, mkachukue na jani na kipande cha mzizi, ili daktari ajue alichokula.