Kwa nini bodaboda yenye 'mshikaki' huchelewa kusimama

Dereva wa bodaboda akiwa peke yake, pikipiki huchomoka haraka na hushika breki vizuri. Akipakia abiria wawili nyuma, injini ni ile ile na breki ni zile zile, ila kuondoka kunakuwa kwa shida na kusimama ndiyo kabisa.

Sababu iko kwenye kanuni ya pili ya mwendo ya Isaac Newton, mwanasayansi wa Uingereza aliyeichapisha mwaka 1687.

Kanuni inasemaje?

Kwa lugha rahisi, nguvu ni sawa na tungamo, yaani zile kilo, mara kiwango cha kubadilika kwa kasi. Nguvu ikibaki ile ile na kilo zikaongezeka, kasi hupanda taratibu zaidi na hushuka taratibu zaidi. Kilo zikiwa mara mbili, mabadiliko ya kasi yanabaki nusu.

Hesabu ya barabarani

Chukua mfano wa pikipiki ya kilo 120 na dereva wa kilo 70. Jumla ni kilo 190. Breki zikizuia kwa nguvu ya nyutoni 950, kasi inapungua kwa karibu kilomita 18 kwa saa kila sekunde. Kutoka mwendo wa kilomita 50 kwa saa, pikipiki inasimama baada ya mita 19 hivi.

Sasa waongezwe abiria wawili wa kilo 70 kila mmoja. Jumla inafika kilo 330. Kwa nguvu ile ile ya breki, kila sekunde inapunguza kilomita 10 tu kwa saa. Hapo zinahitajika zaidi ya mita 33.

Kama kuna mtoto anavuka mita 25 kutoka pale breki ziliposhikwa, pikipiki ya kwanza inasimama kabla ya kumfikia. Ya pili inamgonga ikiwa bado kwenye mwendo wa kilomita 25 kwa saa.

Na hapo haijahesabiwa sekunde moja ya dereva kushtuka, ambayo kwa mwendo huo inakula karibu mita 14.

Si akamate breki zaidi?

Anaweza, lakini breki ina mwisho wake, hasa ikiwa imechakaa. Haiongezeki nguvu kwa sababu abiria wameongezeka.

Kuovateki nako ni hivyo hivyo. Kasi ambayo dereva akiwa peke yake anaifikia kwa sekunde 4, akiwa na mshikaki inamchukua karibu sekunde 7, na muda wote huo yuko upande wa magari yanayokuja.

Kwa mfano huu, mshikaki ukitaka kusimama ndani ya mita zile zile 19, mwendo wake usizidi kilomita 38 kwa saa. Abiria mmoja akishuka, breki zinapata nafuu hapo hapo.