Moyo Ukiugua, Tuulize na Figo

Mtu akishikwa na maumivu makali ya kifua, huku kwetu Bukoba na Muleba wengi husema ni kichomi au vidonda vya tumbo. Anapewa maji ya moto, anaambiwa asubiri kukuche. Mara nyingine, kumbe, ni shambulio la moyo: mshipa unaoupelekea moyo wenyewe damu umeziba, na sehemu ya nyama ya moyo inakufa. Mwaka 2019, katika hospitali ya KCMC kule Moshi, wagonjwa 681 waliofika na maumivu ya kifua au kukosa pumzi walipimwa kwa makini. Kati yao 152 walikuwa na shambulio la moyo, na zaidi ya theluthi moja ya hao walifariki kabla ya siku 30 kwisha.

Kwa nini huyu anapona na yule hapana? Kuchelewa kufika hospitali ni sababu kubwa, na umri pia. Lakini ipo nyingine ambayo familia nyingi hazijaisikia, nayo ni hali ya figo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliwafuata wagonjwa 14,527 wa nchi mbalimbali ambao moyo wao ulidhoofika baada ya shambulio. Kati ya waliokuwa na figo nzuri, watu kama 14 katika kila 100 walifariki ndani ya miaka mitatu. Waliokuwa na figo dhaifu kuliko wote, walifariki kama 45 katika kila 100.

Moyo na figo ni kama jirani wanaochota kisima kimoja. Karibu moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo hupita kwenye figo, nazo huchuja kama lita 180 kwa siku na kurudisha karibu zote mwilini. Moyo ukidhoofika, figo hupata damu kidogo. Zikidhani mwili umekaukiwa, hushikilia chumvi na maji. Miguu inavimba, mapafu yanajaa, na moyo uliokwisha kuumia unabebeshwa mzigo zaidi. Nazo figo mbovu hupandisha shinikizo la damu, hupunguza damu mwilini na kuikakamaza mishipa.

Ubaya wa figo ni kwamba huugua kimyakimya. Uchunguzi uliofanywa mkoani Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta watu wazima 7 katika 100 wana ugonjwa sugu wa figo, na karibu mmoja tu katika kila kumi wa hao ndiye aliyekuwa anajua. Tena mwenye figo mbovu au kisukari anaweza kupata shambulio la moyo bila kuumwa kifua hata kidogo: anakosa pumzi, anatoka jasho la baridi, anaishiwa nguvu. Huyo asingojeshwe asubuhi.

Basi mzee wenu akiruhusiwa kutoka hospitali, iwe Rubya, Kagondo, Ndolage, Bukoba mjini au Bugando ng'ambo ya ziwa, ulizeni: figo zake zimepimwa? Kipimo ni cha damu, huitwa kreatinini, pamoja na mkojo kuangaliwa protini. Mwambieni daktari akisome pamoja na umri, kwani kwa mzee aliyekonda namba inaweza kuonekana nzuri na figo zisiwe nzuri. Kipimo kirudiwe, maana baadhi ya dawa za moyo hubadilishwa kiasi kufuatana na figo. Msiziache wenyewe.

Tunalosikitika nalo zaidi ni vidonge vya maumivu. Mzee anaumwa magoti, anakwenda dukani kununua diklofenaki au ibuprofeni, anameza mwezi mzima. Dawa hizo huziumiza figo na moyo pia. (Aspirini ndogo aliyoandikiwa na daktari ni jambo jingine, aendelee nayo.) Dawa za miti shamba zisizojulikana kipimo tunaziogopa vilevile.

Na ndizi je? Ndizi na maharage vina potasiamu nyingi, ambayo figo zilizochoka hushindwa kuitoa, na ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Hatusemi Mhaya aache ndizi! Wengi hawana haja. Ila daktari akisema potasiamu imepanda, ndizi zikatwe vipande, zichemshwe kwa maji mengi na maji yamwagwe, ingawa tunajua mchuzi wake ndio utamu wenyewe. Chumvi ya senene na dagaa ipunguzwe kwa wote wenye moyo dhaifu.