Ndugu akishikiliwa, Arusha inahesabu miezi miwili

Sekta ya Nyamyumba, kusini mwa mji wa Gisenyi, ina wavuvi wa sambaza na wachuuzi ambao soko lao ni Goma. Jamaa zao wako pande zote mbili za mpaka. Mmoja akikamatwa na wiki zikapita bila kufikishwa mbele ya jaji, wa kwanza kuombwa aamuru aletwe ni majaji wa Rubavu. Baada yao upo mlango mwingine: Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha.

Rwanda inaujua mlango huo. Agosti 20, 2010, Luteni Kanali Seveline Rugigana Ngabo alikamatwa na kuwekwa kizuizini bila mashtaka. Novemba, dada yake Plaxeda Rugumba akaenda Arusha. Amri ya mahakama ya kijeshi iliyohalalisha kumshikilia ilitoka Januari 28, 2011 tu. Desemba mwaka huo majaji wakatamka kwamba kumfungia kabla ya tarehe hiyo kulivunja Mkataba wa Jumuiya. Serikali ikakata rufani, na Juni 2012 ikashindwa.

Rufani ya Arusha si kusikiliza kesi upya. Inapokea hoja za sheria, za mamlaka ya mahakama na za kasoro za utaratibu, basi. Serikali ilisema mahakama haina mamlaka juu ya haki za binadamu, na kweli Kifungu cha 27 kimeyaahirisha hadi itiwe saini itifaki. Lakini tangu kesi ya Katabazi ya Uganda, mwaka 2007, jibu ni kwamba nchi iliyoahidi utawala wa sheria inaweza kuulizwa kama imetimiza ahadi. Njia ya kuzunguka, lakini inapitika.

Kigingi kikubwa ni muda. Kifungu cha 30 kinatoa miezi miwili tangu tendo litokee, au tangu mlalamikaji alijue. Hoja ya kuchelewa haikumwangusha Rugumba. Lakini Machi 2012, katika kesi ya Mlima Elgon ya Kenya, majaji wa rufani walisema muda hauongezwi, na dhuluma inayoendelea haianzi kuhesabiwa upya kila kukicha. Anayenaswa hapa ni mtu mwenye subira, anayengoja mahakama za nyumbani zimalize, wakati Mkataba haumdai hivyo.

Tena alichopata Rugumba ni tamko. Halikuwa ufunguo wa seli. Kwa kufunguliwa, jaji wa karibu ndiye tegemeo. Kwa hiyo wakili makini haachi moja kwa ajili ya nyingine: anabisha Rubavu leo, huku akihesabu siku za Arusha.

Mlalamikaji anatakiwa awe mkazi wa nchi mwanachama. Kongo iliingia mwaka 2022, hivyo hata mama aliyeko Goma anaweza kulalamikia tendo la Rwanda, na Mnyarwanda akalalamikia la Kongo. Masijala ndogo ya mahakama hiyo iko Kigali.