Kutega na kutegua kwa simu: soketi na nyuzi za seva ya vitendawili

Kikundi chetu cha wanafunzi hapa Likasi kinatengeneza mchezo wa vitendawili wa simu. Mmoja anatega, wengine, pengine arobaini kwa mara moja, wanaandika majibu. Wa kwanza kupatia anapewa pointi. Wote wakishindwa, wanampa mtegaji mji, kama ilivyo desturi. (Katika majaribio, miji ya Katanga imekwisha gawiwa yote.) Mabishano makubwa kati yetu hayakuwa ya lugha. Yalihusu seva, yaani kompyuta inayokaa katikati na kuamua nani amejibu kwanza: izungumze na simu kwa njia gani, na iwasikilizeje watu wengi bila kumdhulumu yeyote? Nayaeleza hapa kwa sababu yanagusa mambo tunayoyasoma kila siku.

Soketi ni mlango ambao programu huufungua ili kutuma na kupokea ujumbe mtandaoni. Namna hii ilienea kuanzia mwaka 1983, ilipotoka na mfumo wa 4.2BSD wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kuna milango ya aina mbili inayotuhusu. Ya kwanza, TCP, ina adabu ya mgeni: simu inapiga hodi, seva inajibu karibu, simu inathibitisha kwamba imesikia, ndipo mazungumzo yanaanza. Kila baiti ina namba yake, kinachopotea kinatumwa tena, na mpangilio haubadiliki. Ya pili, UDP, ilielezwa na Jon Postel mwaka 1980 katika waraka wa kurasa tatu tu. Haipigi hodi. Inarusha pakiti na kuendelea na safari. Pakiti ikipotea au ikifika mara mbili, aliyetuma haambiwi.

Maandishi mengi juu ya michezo ya mtandaoni yanaisifu UDP, na kwa michezo ya kufyatuliana risasi kama Quake ya mwaka 1996 yana haki. Humo mahali alipo mchezaji panatumwa mara nyingi kwa sekunde. Habari ya zamani ikipotea haina faida kuirudia, lakini TCP ingezuia habari mpya zingoje ile iliyopotea. Kwetu ni kinyume. Jibu linatumwa mara moja, na likipotea mtu amenyang'anywa ushindi. Tukichagua UDP itatubidi tuandike wenyewe mambo ya namba na marudio, yaani tuijenge TCP upya, tena vibaya.

Vipi kuhusu kuchelewa? Kutoka Likasi hadi Paris ni karibu kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyaya unakwenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 70, na njia halisi ni ndefu zaidi. Utafiti wa Stivers na wenzake wa mwaka 2009 katika lugha kumi ulionyesha kwamba pengo la kawaida kati ya swali na jibu ni karibu milisekunde 200. Mchezo wa kuandika majibu unavumilia hayo. Ila mwenye mtandao mbaya atachelewa daima, na hakuna soketi ya kumtibu.

TCP ina mtego mmoja ambao mwanaisimu angeutambua mara moja: haina mipaka ya maneno. Ni mkondo, kama usemi ulivyo mkondo wa sauti usio na nafasi katikati. Simu ikituma «yai» kisha «jua», seva inaweza kupokea «yaijua» kwa mara moja, au «ya» halafu «ijua». Ni lazima tuweke mpaka wenyewe, na sisi tumechagua alama ya mstari mpya. Tena mkato unaweza kuangukia katikati ya herufi. Katika UTF-8, ɛ ya Kilingala ni baiti 2, na ikivaa alama ya toni inakuwa 4. Kwa hiyo seva inakusanya baiti mpaka ione mstari mpya, ndipo inazisoma kama herufi. Bahati nzuri, baiti ya mstari mpya haitokei kamwe ndani ya herufi nyingine.

Sasa nyuzi. Uzi ni mfululizo mmoja wa kazi ndani ya programu, na wazo la kwanza la kila mtu ni kumpa kila mchezaji uzi wake. Nyuzi arobaini si mzigo. Taabu ya maelfu ya wateja, aliyoiandikia Dan Kegel mwaka 1999, haituhusu bado. Taabu yetu ni ubao wa pointi. Nyuzi mbili zinasoma kwa pamoja kwamba hakuna mshindi, kila moja inaandika wake, na kitendawili kimoja kinapata washindi wawili. Dawa ni kufuli, lakini palipo na kufuli lililosahaulika, kosa hutokea kwa nadra na halirudii ukilitafuta.

Tukachagua uzi mmoja wenye kitanzi. Unauliza mfumo ni soketi zipi zina ujumbe, unashughulikia mmoja hadi mwisho, kisha unaofuata, kama msimamizi wa baraza. Python ina asyncio ya kazi hii tangu mwaka 2014. Sharti ni kwamba msimamizi asikawie. Kuchambua kama «ni yai la kuku» ni sawa na «yai» kunaweza kuchukua muda, na wote arobaini wangekwama. Kazi hiyo inapelekwa kwa uzi msaidizi, ila kila jibu linapewa namba linapofika, na mshindi hatangazwi kabla majibu yote yaliyomtangulia hayajapimwa.

Umeme ukikatika, simu inapotea bila kuaga. TCP haigundui upesi: ukaguzi wake katika Linux, hata ukiwashwa, kwa kawaida unangoja saa 2. Basi seva inauliza «upo?» kila sekunde 20, gharama ya karibu kilobaiti 30 kwa saa, ambayo haimalizi mega za mtu. Asiyejibu mara tatu anaondolewa, lakini pointi na miji yake vinamngoja arudi.

Limebaki jambo moja ambalo hatujakubaliana: mtegaji amekwisha tega, umeme unamkatikia, na hakuna aliyetegua. Nusu yetu wanasema mji ni wake. Nusu wanasema asiyekuwepo kuutaja hapewi.