Je, Wajua? Arbroath, klabu ya mabao 36

Je, wajua kwamba kuna kipa aliyedaka mechi nzima ya mashindano akiwa amejikinga mvua chini ya mwavuli wa mtazamaji? Ni Jim Milne, kipa wa Arbroath, Jumamosi ya Septemba 12, 1885. Mpira ulikuwa upande wa pili wa uwanja karibu muda wote. Arbroath, klabu ya mji wa wavuvi pwani ya mashariki ya Uskoti, ilikuwa inacheza na Bon Accord ya Aberdeen katika raundi ya kwanza ya Kombe la Uskoti. Hadi mapumziko yalikuwa mabao 15 kwa bila. Kipindi cha pili wakaongeza 21, jumla 36. Ukigawanya dakika 90 kwa idadi hiyo, ni bao moja kila dakika mbili na nusu. Jocky Petrie, winga kijana, alifunga 13 peke yake.

Kumbuka pia kwamba nyavu hazikuwapo. Nyavu za goli zilikuja miaka michache baadaye, kwa hiyo kila bao lilipoingia, mpira ulipitiliza moja kwa moja na ilibidi mtu aufuate huko ulikokwenda. Mwamuzi naye alikataa mabao kadhaa kwa kuotea. Bila filimbi hizo, Bon Accord wangerudi nyumbani na zaidi ya 40.

Siku hiyohiyo, raundi hiyohiyo, kilomita kama 27 tu kutoka hapo, Dundee Harp waliifunga Aberdeen Rovers 35-0. Inasimuliwa kwamba mwamuzi wa Dundee alikuwa amehesabu 37, lakini Harp wenyewe wakamwambia kuwa hesabu yao ni 35, naye akaandika 35. Jioni hiyo walikuwa na hakika wameweka rekodi ya dunia, hadi habari za Arbroath zilipowafikia. Katika simulizi zote za siku ile, mimi huwavulia kofia Harp: walisema ukweli, na ukweli ukawanyima jina katika vitabu.

Rekodi ya 36-0 ilidumu duniani kwa miaka 117, na aliyeivunja yuko kwenye Bahari ya Hindi. Oktoba 31, 2002, huko Madagascar, AS Adema waliifunga SO l'Emyrne 149-0. Hakuna hata bao moja kati ya hayo lililofungwa na mchezaji wa Adema. Wachezaji wa SO l'Emyrne, wakipinga uamuzi wa refa uliowaumiza katika mchezo uliotangulia, walijifunga wenyewe tangu mwanzo hadi mwisho huku wapinzani wao wakitazama. Kwa hiyo kama unahesabu mabao yaliyotafutwa kwa jasho la mshindi, mechi ya Arbroath bado ina hadhi yake.

Msimu mmoja kabla ya mvua ya mabao ya 1885, Arbroath walikuwa wamewafunga Rangers wa Glasgow 4-3 katika kombe hilohilo. Rangers hawakukubali. Walipima uwanja wakakuta upana wake umepungua inchi 11 kutoka yadi 50 zilizotakiwa na sheria, wakakata rufaa, mechi ikarudiwa, nao wakashinda 8-1. Inchi 11 ni kama urefu wa kiatu cha mtu mzima!

Uwanja huo ni Gayfield, makazi ya Arbroath tangu 1880, na ni miongoni mwa viwanja vilivyo karibu zaidi na bahari barani Ulaya. Nyuma ya ukuta wake ni Bahari ya Kaskazini. Majira ya baridi mawimbi huupiga ukuta na maji kuruka hadi ndani, na mpira uliopigwa juu kupita kiasi huishia baharini. Timu ngeni hupata taabu zaidi na upepo kuliko na mabeki. Hapa kuna sheria ambayo mashabiki wengi hawaijui: kipa akipiga goli kiki, upepo ukaurudisha mpira ukaingia golini kwake bila kuguswa na mtu, si bao, ni kona.

Jina la utani la klabu, Red Lichties, limetokana na taa nyekundu iliyokuwa ikiongoza mashua za wavuvi kuingia bandarini. Wavuvi hao ndio waliouletea mji sifa yake nyingine: Arbroath smokie, samaki aina ya haddock wanaofungwa wawiliwawili mikiani na kukaushwa kwa moshi wa kuni ngumu. Tangu 2004 jina hilo linalindwa kisheria, na samaki aliyekaushwa mbali zaidi ya kilomita nane kutoka mjini hapo haruhusiwi kuitwa kwa jina hilo.

Lakini ukiniuliza jambo kubwa kuliko yote katika historia ya klabu hii iliyoanzishwa 1878, sitakutajia 1885. Nitakutajia msimu wa 2021-22. Ligi ya daraja la pili Uskoti ilikuwa imejaa klabu ambazo wachezaji wake kazi yao ni mpira tu. Wachezaji wa Arbroath walikuwa na ajira nyingine, wakifanya mazoezi jioni baada ya kazi. Bobby Linn, winga aliyependwa sana Gayfield, alikuwa mzoa taka mjini Dundee. Kocha alikuwa Dick Campbell, mzee wa miaka 68 asiyeachana na kofia yake, na msaidizi wake alikuwa Ian, ndugu yake pacha. Kampeni yao ya kupanda daraja mara mbili, 2017 na 2019, ndiyo iliyowafikisha hapo.

Wakaongoza ligi katikati ya msimu. Aprili 22, 2022, walikwenda kwa wapinzani wao Kilmarnock wakiwa bado wanaufukuzia ubingwa, wakatangulia kupata bao, kisha wakasawazishiwa na kupigwa la pili dakika za mwisho. Kilmarnock wakamaliza na pointi 67, Arbroath 65. Katika mchujo wa kupanda daraja wakakutana na Inverness: sare tasa ugenini, sare tasa nyumbani, hata baada ya Inverness kubaki uwanjani na wachezaji tisa. Mikwaju ya penalti ikaamua, 5-3 kwa Inverness. Kundi la mafundi na wazoa taka lilikuwa limefika karibu kabisa na Ligi Kuu ya Celtic na Rangers.

Miaka miwili baadaye walishuka daraja. Aprili 2025 walikuwa tayari wametwaa ubingwa wa daraja la tatu na kupanda tena.